Je, wajua? Kwa nini mtoto anayenyonya hahitaji maji hata kwenye joto la Turkana

Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, joto la mchana hufika nyuzi 35 na kuzidi, na kwa familia nyingi za huko maji yako mbali. Hata hivyo, mtoto mwenye afya wa miezi mitatu anayenyonya anapotaka hahitaji hata kijiko kimoja cha maji.

Wengi tumelelewa tukiamini kinyume. Mtoto akizaliwa tu, bibi humwonjesha maji ya uvuguvugu. Akilia jua likiwa utosini, husemwa ana kiu. Akijinyonganyonga, huletewa maji ya sukari. Wote hao wanampenda mtoto, na hoja yao inaeleweka: maziwa ni chakula, na anayekula sharti anywe. Lakini maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 87, na yanayotoka mwanzoni mwa kunyonya huwa mepesi zaidi. Kwenye joto mtoto huomba ziwa mara nyingi zaidi, basi.

Kinachonishangaza ni hiki: maziwa ya ng'ombe nayo yana maji karibu kiasi kilekile. Mbona basi ya ng'ombe humpa mtoto mchanga kiu?

Jibu liko kwenye figo. Chakula huacha taka mwilini, hasa urea itokanayo na protini, pamoja na chumvi iliyozidi, na figo huziondoa kwa maji. Fikiria kuosha vyombo mahali ambapo maji hununuliwa kwa ndoo. Vikombe vya chai ya rangi huoshwa kwa kata moja, maji mengine yakabaki. Sufuria ya ugali iliyoshika ukoko humaliza ndoo nzima. Maziwa ya ng'ombe, yenye protini na sodiamu karibu mara tatu ya yale ya mama, ndiyo sufuria hiyo. Tena mwoshaji mwenyewe bado mchanga: figo za mtoto hazijaweza kukoleza mkojo kama za mtu mzima, kwa hiyo hutumia maji mengi kwa taka ileile. Anayenyonya ana vikombe tu vya kuosha, na maji yanayosalia hutosha jasho na pumzi.

Watafiti waliopima mkojo wa watoto wa namna hii Jamaica, Peru na India (huko India joto lilifika nyuzi 41) hawakuona dalili ya upungufu wa maji. Tafiti hizo zilikuwa ndogo, na zilihusu watoto wenye afya.

Maji ya ziada hujaza tumbo dogo, mtoto akanyonya kidogo, na maziwa ya mama yakapungua. Yakiwa ya lambo au ya kisima kisichofunikwa, huleta kuhara. Ndiyo maana tangu 2001 Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6.

Anayehitaji maji ni mama, ambaye hutoa takriban mililita 750 za maziwa kwa siku. Dumu likifika nyumbani, kikombe cha kwanza kiwe chake.

Mtoto mwenye homa au anayeharisha aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi, na apelekwe kwa mhudumu wa afya, ambaye ndiye ataamua kuhusu ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Kwa mtoto mwenye afya, tazama mkojo: baada ya wiki ya kwanza, akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mkojo ukiwa wa rangi hafifu, anapata maji ya kutosha.