Umri wa zirkoni: mashine kubwa kwa doa dogo

Zirkoni, madini ya punje ndogo na ngumu, inapoganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka, hupokea urani lakini huikataa risasi (metali ile nzito, "lead" kwa Kiingereza). Ndiyo maana risasi tunayoikuta humo leo, karibu yote, imetokana na urani iliyooza humo humo, yaani iliyogeuka polepole yenyewe kuwa risasi. Aina moja ya urani, urani-238, hupungua hadi nusu kwa takriban miaka bilioni 4.47; nyingine, urani-235, kwa miaka milioni 704. Hizo ni saa mbili ndani ya punje moja. Zikikubaliana, jibu tunaliamini. Zikipishana, mara nyingi ni kwamba risasi imevuja.

Kwa miongo mingi wataalamu waliyeyusha punje kwa asidi, kisha wakapima kilichotoka. Vipimo vilikuwa safi, ila vilificha jambo kubwa: zirkoni hukua kwa matabaka, na kiini chaweza kuuzidi ukingo umri kwa mamilioni ya miaka, hata bilioni. Ukiviyeyusha pamoja unapata tarehe ambayo hakuna kitu kilichotokea.

Katika miaka ya 1970, William Compston na wenzake wa Australian National University, mjini Canberra, walianza kujenga chombo cha kupima atomi kwa uzito wake, walichokiita SHRIMP. Mwale wa ioni za oksijeni (atomi zenye chaji ya umeme) hupiga doa lenye upana wa maikromita 20 hadi 30, yaani sehemu za elfu za milimita, na kung'oa atomi zake, kisha sumaku huzitenga kwa uzito. Ugumu uko hapa: hafni, metali nyingine iliyomo kwenye zirkoni, ikishikana na silikoni hutoa molekuli yenye uzito unaokaribia sana ule wa risasi-206, risasi itokanayo na urani-238. Kuzitenganisha kunahitaji njia ndefu na sumaku yenye nusu kipenyo cha kama mita 1, ndiyo maana mashine hujaza chumba kizima. Kwangu mimi, uvumilivu wa kujenga kitu kikubwa hivyo kwa ajili ya doa lisiloonekana kwa macho ni wa kuheshimiwa sana.

Mwaka 1983 timu hiyo ilitangaza zirkoni za Mount Narryer, Australia Magharibi, zenye zaidi ya miaka bilioni 4.1. Wapo waliosita kuamini. Mwaka 2001 ikatangazwa punje ya Jack Hills, pia Australia Magharibi, yenye miaka bilioni 4.4.

Huo lakini ni umri wa punje tu. Mwamba wa mchanga na kokoto ulioibeba una takriban miaka bilioni 3, na ule ulioizaa haujapatikana popote.