Daktari Gachet na kiko chake: dhana potofu kuhusu chapa ya Van Gogh

Mwaka 1890, huko Auvers-sur-Oise kaskazini mwa Paris, mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alimchora daktari wake, Paul Gachet, kwenye bamba la shaba, ameketi na kiko chake, kimya, mawazo yamemchukua mbali. Bamba lenyewe ni dogo, kama sentimita 18 kwa 15. Chapa ni picha inayopigwa karatasini kutoka kwenye bamba lililotiwa wino; hii ndiyo pekee ya asidi, yaani yenye mistari iliyoliwa na asidi, aliyowahi kutengeneza, na mengi yanayosemwa juu yake si kweli.

Dhana: Msanii huchonga shaba kwa sindano.
Kinachokula shaba ni asidi. Bamba hupashwa moto na kupakwa tabaka jembamba la nta, lami na utomvu. Sindano hukwangua tabaka hilo tu, shaba ionekane. Mgongo na kingo hupakwa vanishi ya kuzuia asidi, kisha bamba huzamishwa ndani ya asidi. Mstari ukikaa muda mrefu unazama zaidi, hushika wino mwingi na kutoka mweusi. Ukitosha, hufunikwa kwa vanishi, na mingine ikaendelea kuliwa.

Hapa ndipo kazi huharibika. Mistari ikibanana mno, nta iliyo katikati yake hubanduka na asidi hula eneo zima. Eneo pana namna hiyo halishiki wino, kwa hiyo mahali palipotakiwa pawe na kivuli kizito hutoka kijivu hafifu. Asidi ya naitriki nayo hutoa mapovu. Yasipofagiliwa kwa unyoya, mstari hukatikakatika.

Dhana: Ni ile picha ya dola milioni 82.5, ila ndogo.
Hapana. Picha ya rangi iliyouzwa New York mwaka 1990 inamwonyesha Gachet amevaa kofia, shavu kaliegemeza mkononi. Kwenye chapa yuko kichwa wazi, na kiko.

Dhana: Chapa zote alizipiga Van Gogh mwenyewe.
Mashine ya kuchapia ilikuwa ya Gachet, naye pia alikuwa mchoraji wa chapa. Van Gogh alifariki tarehe 29 Julai 1890, na nakala nyingi zilipigwa na daktari na mwanawe baada ya hapo. Zinazojulikana leo ni zaidi ya 60, nyingine za wino mweusi, nyingine za rangi.

Dhana: Chapa ni nakala tu, hazitofautiani.
Kila mara bamba hupakwa wino upya na kufutwa kwa mkono. Ukifuta sana, uso hupauka. Ukiacha utando wa wino, giza humzunguka. Karatasi nayo lazima iwe na unyevu, maana kavu haiingii ndani ya mistari kuutoa wino. Tunaona tofauti hizi ndizo utamu wa chapa, si kasoro.

Ukitaka kujua kama uliyonayo ni chapa au picha ya kitabuni, usiamini alama ya bamba iliyobonyea pembeni, kwani huigizwa. Chukua kioo cha kukuzia: ukiona vitone vilivyopangana, ni ya kiwandani. Kwenye chapa halisi mstari wa wino umeinuka juu ya karatasi.