John aliongoza huku akipungua

Ukifungua orodha ya majina ya watoto inayotolewa na Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, utakuta John ndilo jina lililoongoza kwa wavulana waliozaliwa mwaka 1880, na halikung'oka kileleni hadi 1924, Robert lilipolipita. Wasomaji wengi huishia hapo, wakaamini kwamba wazazi wa zama zile hawakubadilika. Mimi kazi yangu ni takwimu za majina, na nafasi ya jina ndiyo safu ninayoitazama mwisho.

Naanza na asilimia. Mwaka 1880 John lilibeba asilimia 8.15 ya wavulana walioorodheshwa, na William 8.05. Yaani majina mawili tu yalimchukua mvulana mmoja katika kila sita! Ongeza James, Charles, George, Frank, Joseph, Thomas, Henry na Robert, unavuka theluthi. Kufikia 1900 John bado ni la kwanza, ila limebaki na asilimia 6 hivi. Wazazi walikuwa wameanza kutawanyika, na safu ya nafasi haikuonyesha lolote.

Mengine yalipanda kwa kishindo. Grover lilichomoza 1884, Grover Cleveland alipochaguliwa kuwa rais, likapanda tena aliporudi kushinda 1892. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni Dewey. Mei 1, 1898, Komodoa George Dewey aliangamiza meli za kivita za Hispania katika Ghuba ya Manila, na mwaka huohuo jina hilo likapaa. George lilikuwa tayari kila nyumba, kwa hiyo aliyetaka kumuenzi shujaa huyo alichukua jina lake la ukoo akampa mwanawe liwe la kwanza. Huo ni uamuzi wa makusudi kabisa, na ndiyo maana unaonekana wazi kwenye takwimu.

Sasa, orodha hii si daftari la vizazi. Imetokana na maombi ya kadi za hifadhi ya jamii, zilizoanza kutolewa mwishoni mwa 1936. Mvulana wa 1880 alijiandikisha akiwa mtu mzima wa miaka 56 au zaidi, kwa jina alilolitumia wakati huo. Aliyekufa mapema hayumo. Vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani hawakuhusishwa na sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, iliyoanzisha mpango huo, hivyo Wamarekani weusi wa Kusini, ambao wengi wao walifanya kazi hizo, ni wachache mno humo kuliko walivyokuwa kweli.

Kwa sababu hiyo siiamini orodha hii ikiwa peke yake. Naiweka kando ya sensa ya 1900, iliyoandika mwezi na mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu. Humo vibarua wamo pamoja na watoto wao, na kina Dewey wa miaka miwili wameandikwa kwa majina waliyoitwa nyumbani.