Meza zilivunjika zenyewe

Aliyenifundisha sarufi si chuo, ni mama mmoja muuza vitumbua wa hapa Ngamiani, Tanga. Nilikuwa kijana, mwaka wa tatu kwenye kazi ya habari. Mgambo walikuwa wamepita alfajiri kuwaondoa wachuuzi barabarani, nami nikaandika habari, ikatoka: "Katika zoezi hilo meza kadhaa zilivunjika na baadhi ya wafanyabiashara walipata majeraha madogo." Niliridhika nayo. Ilikuwa na kauli ya ofisa, ilikuwa na neno "zoezi", na hakuna mkubwa aliyepiga simu kulalamika.

Aliyelalamika ni yule mama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bandeji, kwa sababu karai la mafuta ya moto lilikuwa limemwagwa. Mjukuu wake alikuwa amemsomea gazeti. Akaniita.

"Mwanangu, njoo hapa. Meza yangu mimi ilivunjika? Ilikaa, ikajichokea, ikavunjika?"

"Hapana, bibi."

"Basi andika ilivunjwa."

Siku hizi kazi yangu ni kuhariri habari za wengine na kufundisha waandishi wanaoanza, na bado sijapata somo bora kuliko hilo. Sisi Waswahili tuna kauli mbili zinazokaribiana sana kwa sauti. Ukisema meza *ilivunjwa*, hiyo ni kauli ya kutendwa: msomaji ana haki ya kuuliza "na nani?", na sentensi ina mahali pa kuliweka jibu. Ukisema *ilivunjika*, hiyo ni kauli ya kutendeka, na mahali pale pa jibu hapapo tena. Jaribu kusema "meza ilivunjika na mgambo." Sikio linakataa. Kwa hiyo mwandishi akibadili *-w-* kuwa *-k-* hajasema uongo wowote, ila amemtoa mtu kwenye tukio kwa namna ambayo hata sarufi hairuhusu kumrudisha.

Kauli yenyewe haina kosa. Chungu hupasuka, kamba hukatika, maziwa humwagika, na mara nyingi hakuna wa kulaumiwa. Kinachonifanya nishike kalamu nyekundu ni jinsi tunavyoigawa. Chukua habari yoyote ya vurugu usome vitenzi peke yake. Vijana *wamevunja* vioo vya gari, *wamechoma* matairi, *wamerusha* mawe. Halafu, aya mbili mbele, risasi *zilisikika*, mtu mmoja *alipata* jeraha la mguu. Alilipata wapi, dukani? Mwenye jiwe ana mikono, lakini mwenye bunduki hata kivuli hana. Wala mhariri hakuamrishwa na mtu. Mkono umeshazoea kuandika hivyo.

Hilo ni la kwanza. La pili ni mahali hadithi inapoanzia, na hapa nitakaa kidogo, maana mkoa wetu una mfano wa aina yake.

Shuleni wengi tulisoma habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya mwambao dhidi ya Wajerumani, akanyongwa nao pale Pangani mwezi Desemba 1889. Vita vile Wajerumani waliviita "uasi wa Waarabu". Pima maneno hayo mawili. Neno "uasi" linaanza hadithi katikati: ili mtu aasi, lazima awepo anayestahili kutiiwa. Ukianza Agosti 1888, kampuni ya Kijerumani ilipokuja kupandisha bendera yake Pangani na miji mingine ya mwambao kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Unguja, swali linakuwa jingine kabisa: hawa watu wa Mrima, yaani mwambao wa bara, walimuasi nani? Na neno "Waarabu" liliwafuta wengine wote. Bwana Heri, mtawala wa Saadani, hakuwa pambo, wala Wazigua na watu wa mijini waliobeba silaha. Ila "Waarabu" lilikuwa neno la faida Berlin, kwa sababu lilikaa vizuri karibu na maneno "biashara ya watumwa". Januari 1889 bunge la Ujerumani likapitisha marki milioni 2 kwa ajili ya kuikomesha biashara hiyo na kulinda maslahi ya Wajerumani, na Hermann von Wissmann akaja na jeshi. Jina la vita lilikuwa limeshafanya nusu ya kazi kabla mzinga haujalia.

Carl Peters ni kisa kibaya zaidi. Huyu ndiye Mjerumani aliyepita bara mwaka 1884 akikusanya mikataba Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Baadaye akawa kamishna Kilimanjaro. Huko, kati ya 1891 na 1892, alimnyonga mtumishi wake Mabruk, kisha msichana wa Kichaga, Jagodia, aliyekuwa amemweka nyumbani kwake na ambaye alitoroka. Utetezi wake ulikuwa na kila kiungo ambacho bado nakiona kwenye rasimu za leo: mazingira yalikuwa ya hatari, mzungu alikuwa peke yake kati ya maadui, kulikuwa na wizi, kulikuwa na njama, na Afrika si Ulaya.

Mwaka 1896 August Bebel, kiongozi wa wanasoshalisti wa Ujerumani, alilipeleka suala hilo bungeni. Miongoni mwa ushahidi wake akataja barua ambayo Peters alidaiwa kumwandikia Tucker, askofu wa Kianglikana Uganda, akieleza kwa nini alimnyonga msichana yule. Ikaja kubainika kuwa barua hiyo haikuwepo. Hapo watetezi walipata mwanya waliouhitaji: mazungumzo yakahama kutoka kwa watu wawili walionyongwa yakaenda kwenye karatasi, na mnyongaji akaonekana mtu aliyesingiziwa. Mahakama ya nidhamu haikuyumba kiasi hicho, ikamfukuza kazi 1897. Lakini hukumu ni jambo moja na masimulizi ni jingine. Mfalme Wilhelm II alimrudishia cheo chake mwaka 1905, baadaye akapewa pensheni, na mwaka 1937 Hitler akaifuta hukumu yenyewe, Peters akiwa kaburini karibu miaka 20. Huku kwetu watu walikuwa wamemwita Mkono wa Damu. Hakuna sherehe iliyofuta jina hilo.

Nikisimulia haya darasani, wanafunzi hutikisa vichwa: wakoloni bwana! Ndipo ninapowapa kichwa cha habari cha aina wanayoisoma kila wiki: "Mkuu wa wilaya acharuka, amsweka ndani mhandisi." Hapo wanacheka, kwa sababu mhandisi kachelewesha daraja na kila mtu kachoka. Magazeti yetu yana ghala la vitenzi hivi: kiongozi *acharuka*, *awaka*, *ang'aka*, *atema cheche*. Vyote vinaifanya hasira ya mkubwa ionekane uchapakazi. Sasa fungua Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Mamlaka ya kuagiza mtu awekwe ndani yapo, yasizidi saa 48, lakini pale mtu anapotenda kosa la jinai, au panapokuwa na sababu ya kuamini kwamba atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Kuchelewesha kokoto hakumo. Habari ambayo haina sentensi hiyo moja si fupi tu, imeshachagua upande.

Na kuna methali tunayoitesa. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni" ilisemwa kwa ajili ya mnyonge. Sikiliza sasa inavyotumika vijiweni na redioni: mtu anatajiwa mabaya ya kiongozi, anajibu, "Mnyonge mnyongeni bwana, barabara katujengea." Ghafla mnyonge ni mwenye ving'ora. (Mimi hunywa kahawa Barabara ya Nane na nimewahi kuwaambia hivyo. Nilijibiwa kwamba nimesoma sana.)

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniletea habari ya bomoabomoa ya vibanda. Zilikuwa sentensi kumi na mbili, na kila kitu kilivunjika, kikaharibika, kikapotea. Nikaandika pembeni, mara tano, "na nani?"

Akabaki darasa lilipotoka. "Mwalimu, aliyekuwa anavunja namjua. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikimtaja, jioni nitapitia wapi?"

Sikuwa na jibu la kishujaa. Tulikaa tukaipitia upya, tukaandika "vilivunjwa na mgambo", bila jina, na idadi ya vibanda. Kisha akanionesha sentensi ya mwisho, ile ya mzee aliyepoteza cherehani.

"Na hii tuseme ilichukuliwa?"

"Uliona ikichukuliwa?"

"Niliona."

Akafuta "ilipotea".