Picha ya Waridi Jekundu: Tunayoambiana na Yaliyo Kweli

Uani kwa shangazi yangu, mtaa wa Chumbageni, Tanga, kulikuwa na miti mitatu ya mawaridi. Mmoja mweupe, mmoja wa rangi ya waridi yenyewe, ule unaochumwa ukatiwa kwenye kikuba pamoja na asumini na mrehani, na mmoja mwekundu. Fundi alipokuja kupima uwanja ili chumba kiongezwe, ikaonekana kwamba msingi utapita palipo ule mwekundu. Shangazi hakubishana na mtu. Aliniambia tu, "Nipigie picha, mwanangu, niitie kwenye fremu."

Nikapiga picha arobaini mchana ule. Zote zilitoka na donge jekundu katikati ya majani, kama rangi ya kucha iliyomwagika. Petali hazikuhesabika. Kila niliyemwonyesha alikuwa na sababu yake, na sababu karibu zote, nilivyokuja kugundua, hazikuwa kweli. Bado nazisikia kila siku kwa vijana wanaopiga picha za harusi hapa Tanga, ndiyo maana nazipanga hapa moja moja.

"Simu hiyo haiwezi, tafuta kamera kubwa."

Hii ndiyo niliyoambiwa na wengi, na ndiyo inayowavunja moyo watu wengi zaidi. Ukweli ni kwamba waridi jekundu linaiponza kamera ya bei yoyote, na sababu yake inaeleweka.

Kihisi cha kamera nyingi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kimefunikwa kwa vichujio vidogo vya rangi, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak katika miaka ya 1970. Katika kila pikseli nne, mbili huona kijani, moja nyekundu, moja bluu. Kamera inapopima mwanga huegemea zaidi kijani, kwa kuwa jicho la mtu nalo huhisi mwangaza wa kijani kuliko wa rangi nyingine. Sasa iweke mbele ya waridi jekundu. Kwenye kijani na bluu haioni kitu, inadhani ipo gizani, inaongeza mwanga. Upande wa nyekundu, ambao tayari ulikuwa umejaa, unafurika. Thamani ya juu kabisa ya rangi katika picha ya kawaida ni 255. Petali zote zikifika hapo hakuna tena tofauti kati ya petali na petali, wala kati ya mkunjo na kivuli chake. Mafundi wa zamani wangesema picha imeungua, na ndivyo ilivyo, ila imeungua kwenye rangi moja tu. Ndiyo maana majani yanaweza kutoka vizuri kabisa huku ua limekufa.

Dawa yake haigharimu shilingi. Kwenye simu, gusa ua kwenye kioo, kisha buruta alama ya jua kwenda chini mpaka picha ionekane nyeusi kidogo kuliko unavyopenda. Kwenye kamera, punguza mwanga kwa theluthi mbili za kituo hadi kituo kimoja kizima (kushuka kituo kimoja ni kupunguza mwanga kwa nusu). Majani yakiwa na giza, utayainua baadaye kwenye programu ya kuhariri. Lakini nyekundu iliyoungua hairudi. Na ukiwa huko kwenye kuhariri, usiguse kitufe cha kuongeza ukali wa rangi. Niliwahi kuokoa picha nzuri kwa kupunguza mwanga, kisha nikaiharibu tena kwa mkono wangu kwa kitufe hicho.

"Jeupe ni rahisi, linajionyesha lenyewe."

Hapana, na hapa pana mtego wa pande mbili. Kipimo cha kamera kimewekwa kudhani kwamba kila kitu mbele yake kina mwangaza wa wastani, kijivu. Ukisogea mpaka waridi jeupe likajaza picha nzima, kamera italifanya kijivu, kama shuka iliyofuliwa bila sabuni. Hapo ongeza mwanga. Ukirudi nyuma, ua likawa dogo katikati ya majani meusi, kamera inapima majani, inaongeza mwanga, na ua linaungua, hapo punguza. Ua ni lile lile, saa ni ile ile, marekebisho yamegeuka. Anayekariri kanuni moja ya jeupe atakosea nusu ya siku zake.

"Picha hupigwa jua likiwaka."

Mchana ule wa picha arobaini ulikuwa saa saba, mwanzoni mwa Oktoba. Tanga ipo kama nyuzi tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini. Petali za juu zinameremeta, za chini zinazama kwenye weusi, na hakuna kamera inayobeba vyote viwili kwa pamoja. Hata mwezi wa Juni jua la adhuhuri hapa huwa juu, nyuzi sitini hivi kutoka upeo wa macho.

Wengi wamesoma ushauri wa kupiga kwenye mwanga wa dhahabu wa asubuhi na jioni. Ushauri ni mzuri, ila uliandikwa na watu wa nchi ambazo jua hupanda likilala ubavu na mwanga huo hudumu muda mrefu. Kwetu jua hupanda karibu wima. Likichomoza saa kumi na mbili na ushei, kufika saa moja na nusu ulaini umeshaondoka. Ukianza kunywa chai kwanza, umekosa.

Basi mawingu yakitanda, usirudi ndani. Wingu ni pazia kubwa kuliko lolote utakalonunua, na waridi, kwa mikunjo yake, linapenda mwanga usio na mwelekeo mkali. Asubuhi za masika, kati ya mvua na mvua, ndizo zilizonipa picha nilizozipenda kuliko zote. Kama jua halina huruma, mwombe mtu asimame na kanga akutie kivuli. Upande wa pili shika kanzu nyeupe, irudishe mwanga kwenye petali za chini. Sinia nalo linarudisha mwanga, lakini kwa ukali. Mimi nachagua kanzu. Buibui jeusi likishikwa hatua mbili nyuma ya ua linafuta ukuta, ndoo na kamba ya nguo kwa mara moja.

Kuna pia upepo. Wanaosema maua hayapigiki pwani kwa sababu ya upepo huwa wametoka saa tano, upepo wa bahari umeshaingia. Alfajiri upepo hutoka bara, mwepesi, wavuvi huuita umande, na mara nyingi hata jani halitikisiki. Ukilazimika kupiga baadaye, weka kasi ya 1/500 ya sekunde au zaidi, na upige picha nyingi mfululizo.

"Nyuma kukiwa na ukungu, picha ni ya kitaalamu."

Ukungu wa nyuma, yaani vilivyo nyuma ya ua visionekane wazi, unapendeza, sikatai. Tatizo ni kwamba kwa ua lililo karibu, ukungu hula ua lenyewe. Chukua waridi la upana wa sentimita saba likijaza picha kwenye kamera yenye kihisi kikubwa. Tundu la lenzi likiwa wazi sana, f/2.8, sehemu inayotoka wazi ina unene wa milimita mbili hivi. Ukingo wa petali moja uko wazi, lililobaki ni pamba. Funga mpaka f/11 upate kama milimita nane, halafu uongeze umbali kati ya ua na kilicho nyuma yake. Ukungu utaupata hapo hapo, na ua litakuwepo.

Ukungu wa simu ni kitu kingine kabisa. Ule hutengenezwa na programu inayokisia mpaka wa ua uko wapi, na kwenye waridi hukosea: hukata ncha za petali, hufuta miiba, humeza kikonyo. Uzime. Na usiisogeze simu mpaka ikaribie kugusa ua. Lenzi yake pana hutunisha petali za mbele kama shavu la mtoto, na simu nyingi huhamia kimyakimya kwenye lenzi nyingine iliyo dhaifu. Rudi nyuma kidogo, kisha kata picha baadaye.

"Linyunyizie maji lipendeze."

Nyunyizia, lakini asubuhi tu. Watu hunyunyizia jioni kwa ajili ya picha, majani yanalala yamelowa, na kuvu wa madoa meusi, Diplocarpon rosae, huhitaji jani lililolowa kwa saa kama saba tu ili apenye. Hewa yetu yenyewe ina unyevu wa kutosha. Picha isiyozidi dakika kumi isigharimu mti majani yake yote. Wale wanaotia sukari ili matone yakae, wajiandae na sisimizi.

Na kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi hupata jasho mara moja. Iache ndani ya mkoba nusu saa kwanza.

"Subiri lifunguke lote."

Kwa joto la Tanga, usisubiri. Kule Lushoto, milimani kwenye baridi, waridi huchanua polepole, kwa siku kadhaa. Hapa ua lililofumba alfajiri laweza kuwa limelegea kabla ya alasiri. Ninalolitafuta ni lile lililofunguka theluthi hadi nusu, kitovu bado kimejikunja, petali za nje zimeanza kuinama. Hilo ndilo nililompigia shangazi, asubuhi ya mawingu, siku nne kabla msingi haujachimbwa. Simu ilikuwa ile ile.

Kuchapa nako kuna dhana yake, kwamba karatasi itaonyesha kilichopo kwenye kioo. Kioo hutoa mwanga wake chenyewe, karatasi huazima wa chumba, kwa hiyo picha ikichapwa huonekana nzito zaidi, na nyekundu hugeuka ya damu ya mzee. Ya kwanza niliyochapa shangazi aliikataa. Ya pili nikaiongezea mwanga, ikapauka. Ya tatu ndiyo iliyoingia kwenye fremu. Tumeitundika ukuta wa ndani, mbali na dirisha, kwa sababu jua hupausha wino.