Kundi la methili halielei: dhana potofu kuhusu CH₃

Dhana: Methili (CH₃, kaboni moja yenye hidrojeni tatu) huchomoka kwenye molekuli moja, huelea kidogo, kisha hudandia nyingine.

Ukweli: CH₃ yenye chaji chanya haiwezi kukaa peke yake ndani ya myeyusho wa kawaida. Atomu inayoipokea, mara nyingi naitrojeni, oksijeni au salfa, huishambulia kwa nyuma, upande ulio kinyume na kile kinachoachwa. Bondi mpya hujengeka huku ile ya zamani ikikatika. Kwa hiyo kinachoamua ni kile kinachoachwa. Iodomethani hutoa methili kwa urahisi kwa sababu ioni ya iodidi hutulia ikiachwa. Metanoli haitoi hivi hivi, maana hidroksidi haitulii.

Dhana: Moli moja ya amini (kampaundi yenye naitrojeni) kwa moli moja ya iodomethani huleta methili moja tu.

Ukweli: Wengi hupotezea zao lao hapa. Naitrojeni ikishapata methili ya kwanza, kwa kawaida hushambulia kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Chupani utakuta amini ambayo haijaguswa, yenye methili moja, yenye mbili, hadi chumvi ya amoniamu, ambayo naitrojeni yake ina makundi manne. Kuongeza joto hakuokoi kitu. Ukitaka methili mbili kwenye amini ya daraja la kwanza (yenye NH₂), tumia njia ya Eschweiler–Clarke: formaldehidi na asidi ya fomiki ya ziada, kwenye joto la karibu 100 °C. Formaldehidi huleta kaboni, asidi ya fomiki huleta hidrojeni, na mmenyuko hausogei hadi kwenye chumvi. Usizibe chombo, kwani kaboni dioksidi hutoka.

Dhana: Methili moja ni ndogo mno kubadili kitu.

Ukweli: Theobromini ya kakao ikiongezwa methili moja huwa kafeini. Mti wa kahawa hufanya kazi hiyo kwa S-adenosilmethionini, molekuli inayobeba methili, ambayo salfa yake yenye chaji chanya huiachia methili upesi.

Dhana: Aliyepungukiwa vitamini B12 anaweza kutibiwa kwa asidi ya foliki peke yake.

Ukweli: Dhana hii inalemaza watu. Mwilini, folati (umbo la asidi ya foliki linalotumika mwilini) iliyobeba methili huishusha kwa kimeng'enya kinachotumia B12, ili homosisteini igeuke methionini, zote mbili zikiwa asidi amino. B12 ikikosekana, folati hukwama na methili yake na homosisteini hupanda. Vidonge vya asidi ya foliki huipita njia hiyo: seli za damu hugawanyika tena na anemia hupungua, lakini neva huendelea kuharibika kimyakimya. Pima B12 kabla ya kutoa dozi kubwa ya asidi ya foliki.