Kabla ya sweta, kijue kitanzi

Watu wengi wanaotaka kujifunza kufuma huja na picha ya sweta kwenye simu. Nawaambia waitunze, kwani siku yake itafika. Kwanza tunakaa na kitanzi kimoja mpaka mtu akijue kinavyokaa. Anayekijua kitanzi huona kosa lake na kulirekebisha mwenyewe. Asiyekijua atamtafuta mwalimu kila mara, hata baada ya kukariri mitindo yote.

Kabla hata hujashika sindano, chukua fulana ya kawaida uitazame kwa karibu sana. Upande wa nje utaona herufi V ndogondogo zimepangana juu kwa chini, na ukiigeuza utaona vijituta vya mlalo. Fulana ile ilifumwa na mashine, lakini vitanzi vyake ni vilevile utakavyovitengeneza kwa mikono. Katika kitambaa cha mtambo wa kufumia nguo, kama kanga, nyuzi za wima na za mlalo hupishana juu na chini na kubanana. Huku kwetu ni uzi mmoja tu unaokwenda na kurudi, na kila kitanzi huvutwa kupitia ndani ya kilicho chini yake. Ndiyo sababu soksi hunyumbuka ukiivuta na kurudi ukiiachia. Ndiyo sababu pia kitanzi kimoja kikiponyoka, vya chini yake hufuatia kimoja baada ya kingine. Ufundi huu ni wa siku nyingi. Misri zimepatikana soksi za pamba za Zama za Kati zilizofumwa kwa ustadi mkubwa, na mwaka 1589 William Lee wa Uingereza alibuni mashine ya kwanza ya kufuma vitanzi.

Vifaa ni vichache. Tafuta sindano mbili za mbao au mianzi zenye unene wa milimita 4.5 au 5, kwa sababu za chuma huteleza na mkono mgeni hauwezi kuzituliza. Usitegemee namba peke yake. Namba 8 ya Kimarekani ni milimita 5, lakini namba 8 ya zamani ya Kiingereza ni milimita 4. Uzi uwe wa unene wa kati, laini bila manyoya, wa rangi nyepesi, na ikiwezekana wa sufu. Sufu inavutika, hivyo husamehe mkono unaokaza leo na kulegeza kesho, ilhali pamba haivutiki na huonyesha kila kosa. Uzi mweusi uache kabisa kwa sasa. Utafumaje vitanzi usivyoviona?

Anzisha vitanzi 20 kwenye sindano moja. Njia za kuanzisha ni nyingi, na yoyote uliyoonyeshwa na mtu aliye karibu nawe inatosha, mradi usikaze. Vitanzi vikibana sindano kiasi kwamba haviteleziki, vitoe uanze upya.

Sasa kitazame kitanzi. Kimekaa juu ya sindano kama mtu aliyepanda farasi, mguu mmoja upande wako na mwingine nyuma. Kikikaa sawasawa, mguu ulio upande wako ndio ulio karibu zaidi na ncha ya sindano ya kushoto. Ili kufuma, ingiza sindano ya kulia kutoka kushoto kwenda kulia, chini ya mguu huo wa mbele, mpaka ncha itokee nyuma. Zungusha uzi kwenye ncha hiyo, uvute upite ndani ya kitanzi, kisha uachie kitanzi cha zamani kitoke kwenye sindano ya kushoto. Ukiingiza kwenye mguu wa nyuma badala ya wa mbele, kitanzi kitajisokota na ile V itafungana chini. Kuna wanaoshika uzi kwa mkono wa kulia na wanaoushika kwa wa kushoto. Kitambaa ni kilekile. Wanaotumia mkono wa kushoto kwa kila kazi nao nawashauri wajaribu kwanza kama wengine wote, kwani mikono yote miwili ina kazi.

Kufuma kinyume kunawatisha watu bila sababu. Uzi unakaa mbele ya kazi, sindano inaingia kutoka kulia, na kitanzi kipya kinavutwa kuelekea nyuma. Matokeo yake ni kitanzi kilekile ulichokijua, sasa unakiona mgongo. Ukifuma mistari yote kwa namna ya kwanza, utapata kitambaa chenye matuta pande zote mbili, kinachotulia bila kujikunja, na kila tuta linahesabiwa mistari 2. Ukibadilishana, mstari mmoja wa mbele na mmoja wa kinyume, utapata uso laini wa V kama wa fulana. Huo hujikunja pembeni, kwa sababu vitanzi vya mbele na mgongo havivuti sawa. Wengi hudhani wamekosea wakiona hivyo. Hawajakosea.

Hesabu vitanzi mwisho wa kila mstari. Ulianza na 20 ukakuta 23, basi karibu kila mara chanzo ni kimojawapo kati ya viwili. Ama mwanzo wa mstari uliupitisha uzi juu ya sindano kwenda nyuma, ukakivuta kitanzi cha kwanza mpaka miguu yake miwili ikaonekana kama vitanzi viwili. Ama uliuacha uzi mbele katikati ya mstari ukajizungusha kwenye sindano, na hapo utaona tundu. Ukikuta vimepungua, tafuta kilichoponyoka. Juu yake pataonekana nyuzi zilizolala bila kushikwa. Chukua sindano ya kroshia, ile yenye ndoano nchani, kikamate, uvute uzi wa kwanza uliolala upite ndani yake, kisha unaofuata, mpaka ufike juu. Mimi huwaangushia wanafunzi kitanzi makusudi ili waifanye kazi hiyo mapema. Akishakiokoa mara moja, mikono huacha kutetemeka, na hapo ndipo ufumaji wake hunyooka.

Kukaza nako kunatokana na hofu. Vitengeneze vitanzi kwenye sehemu nene ya sindano, si kwenye ncha, na usivute uzi baada ya kila kitanzi.

Wengi humwanzisha mgeni na skafu. Sikubaliani nao. Skafu ni ndefu, kosa la mwanzo hukaa nalo hadi mwisho, na hamu huisha kabla ya uzi. Fuma mraba, ufumue, ufume mwingine. Mraba unakufundisha pia kupima. Tuseme mtindo unataka vitanzi 18 kwa kila sentimita 10, na sweta yenye mzunguko wa sentimita 100, yaani vitanzi 180. Mkono wako ukitoa 20 kwa sentimita 10, vitanzi hivyohivyo 180 vitakupa sentimita 90, na sweta haitamwenea uliyemkusudia. Dawa ni kubadili sindano, upande hadi yenye unene zaidi, wala usijilazimishe kulegeza.

Unapofunga vitanzi vya mwisho, legeza kuliko ulivyozoea, la sivyo ukingo utabana. Kisha loweka mraba kwenye maji ya vuguvugu, uukamue kwa kuubonyeza ndani ya taulo bila kuusokota, uutandaze ukauke ukiwa umelala. Vitanzi vilivyopindana hujipanga vyenyewe, na ukubwa unaweza kubadilika. Upime tena ukishakauka, kwani vipimo vya baada ya kufua ndivyo vya kufanyia hesabu.